Nani Kavunja?

Tangu turudi matangani sikai. Nikikaa nainuka, nikiinuka nasahau nilichoinukia, narudi kukaa. Rehema ananitazama tu. "Shangazi, tulia basi, utatoboa marumaru ya wenyewe." Namwambia niache, miguu yangu, marumaru yao. Sir amefariki, ndiyo habari. Tulikuwa tukimwita Sir tu, sote, kama vile mamake alipomzaa alimtazama akasema, huyu ni Sir. Tulikwenda nyumbani kwao Al Warqa, hapahapa Dubai, kutoa pole, wanawake upande wetu, kahawa kwenye vile vikombe visivyomshibisha hata panya, tende, na kimya cha adabu. Kila alipotajwa marehemu, sauti yake ilinipanda hapa kooni ikitaka kutoka. Nikatia tende mdomoni. Ikapanda tena, nikatia nyingine. Nilikula tende nyingi siku ile, nadhani wenye msiba walijua nimekuja na njaa. Si utani ninaofanya mimi, ni maumbile. Mtu nikimzoea kidogo tu, sauti yake nimeshaibeba. Sikusoma, kalamu siijui, lakini masikio nilipewa ya watu wawili.

Tulipotoka, garini, Rehema akaniambia wana wa marehemu wamemuomba kitu kimoja. Ile sauti ya kwenye kompyuta itolewe. Wameisikia pale ofisini baada ya mazishi, binti yake akashika mdomo akatoka nje. "Wanataka itoke, Shangazi. Unasemaje?" Nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena. Rehema akapunguza mwendo wa gari akanitazama vizuri, akadhani ninaumwa.

Sauti yenyewe ni yangu na ni ya Sir, na habari yake ni ya ule mwaka wa kwanza tuliokaa mtaa wa Jumeirah Village Circle. Watu husema ujana ni wa miaka kumi na kitu. Uongo. Mimi wangu ulinijia pale, meno ya nyuma yameshaaga, magoti yanalia nikipanda ngazi. Nilikuwa nimetoka kazini kwa madam mmoja, nyumba ya vyumba vingi na maneno machache, naye akahamia kwa mwanawe ng'ambo, khalas, nikabaki naning'inia. Rehema, mtoto wa kakangu, akanitia kwenye visa chini ya yake. Maana yake kazi yake ikisimama yeye anarudi Mombasa, nami nakokotwa nyuma kama pindo la buibui lililonaswa na mlango wa gari. Hilo lilinikalia kichwani mwaka mzima. Nikipika nalifikiria, nikiswali nalifikiria, Mungu anisamehe. Na mahali penyewe hapatulizi mtu. Village ni kijiji, waliniambia. Kijiji gani hakina kuku? Minara, na minara mingine inayojengwa ili iitazame ile ya kwanza, na kreni zinageuka mchana kutwa kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

Sir, bosi wake Rehema, alikuwa ameiacha ofisi yake ya Deira. Akasema kazi ya kompyuta haina haja ya ofisi, sebule ya Rehema inatosha. Basi sebule yetu ikawa meza mbili, nyaya sakafuni kama tambi, na jiko liko wazi humohumo, kwa hiyo mimi na sufuria zangu tulikuwa wafanyakazi wa kampuni bila kuandikwa. Kila asubuhi Otieno anaingia. Kijana wa Kisumu, mrefu mpaka anainamia milango isiyomgusa, na mama kwake ni mathe. "Mathe, niaje? Leo kuna nini kwa sufuria?" Namwambia kuna mawe. "Aki mawe yako ni matamu, leta." Anakula amesimama, sahani mkono mmoja, mkono mwingine anabonyeza. Na Sir mwenyewe anapita siku mbili tatu kwa wiki, anafuata mahamri yangu. Yeye anayaita maandazi. Utotoni alikulia Dar es Salaam, babake akiuza vitambaa huko, kabla hawajahama. Kiswahili chake kilibaki palepale alipokiacha, kikawa cha mtoto ndani ya mwanaume mwenye tumbo. "Bi Mishi, leta mandazi. Mimi hapana taka sahani. Mimi taka mkono." Nikimwambia Sir, haya ni mahamri, anasema, "Wewe Mombasa. Wewe hapana jua mandazi."

Kazi yao ilikuwa duka. Duka la kwenye simu na kompyuta, la madam mwingine, si yule wangu, anayeuza mabuibui ya bei ya kuumiza moyo. Shida ilikuwa kwamba wakigusa hapa, pale panakatika. Rehema amebadilisha ukubwa wa picha, kumbe kitufe cha kulipia kimekufa. Otieno ametengeneza kitufe, kumbe kikapu kinamwaga vitu. Na wao hawajui mpaka wateja wapige kelele kwa madam, madam ampigie Sir, Sir atupigie sisi. Simu inawekwa mezani, sauti nje, na Sir hasalimu. "Nani kavunjaaa?" Hivyo. Inaanza chini, inapanda, halafu inavutwa mwishoni kama mtu anayevuta shuka kwa mwenzake. Halafu ndiyo vinafuata vingine, yalla, yaani haraka, khalas, yaani basi, visa, ticket. Lakini ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimtoa Rehema jasho.

Siku moja madam akasema lake la mwisho. Ramadhani inakuja, ndiyo msimu wa kuuza nguo za Idi. Duka likikatika msimu huo, anaondoka. Sir hakuwa na mteja mwingine wa kumtegemea. Akaja mwenyewe, hata mahamri hakuyagusa, ndipo nikajua kuna jambo. "Yeye ondoka, mimi funga. Mimi funga, visa cancel, nyinyi ticket, kwenu. Mimi hapana furaha, lakini hesabu ndiyo hiyo." Otieno akamtazama Rehema. Rehema akanitazama mimi. Mimi nikaitazama sufuria.

Rehema akasema ataweka mlinzi. Nilimuelewa hivi, na nikielewa vibaya mlaumu yeye. Zamani mtu akimaliza kuandika kazi yake, anaipeleka dukani moja kwa moja, wateja wanaikuta moto. Sasa haitakwenda hivyo. Itapita kwanza kwa mashine iliyo mbali huko, mashine ile itachukua kazi yote na kuijenga upya kuanzia chini, ndiko wao wanaita bildi. Halafu inaijaribu. Inajifanya mteja. Inafungua duka, inachagua buibui, inatia kikapuni, inalipa, inaghairi, inarudisha. Yote yakienda sawa, kijani, na kazi inapelekwa dukani bila mkono wa mtu. Moja likikosea, nyekundu, na hapiti mtu hapo, hata uwe nani. Huyo mteja wa uongo alihitaji jina, wakampa langu. Kwa hiyo ukitaka kujua mwanamke aliyenunua mabuibui mengi kuliko wote Dubai, ni mimi, na sina hata moja la pale. Sir alipoelezwa akashika kiuno. "Mimi lipa nyinyi fanya kazi. Nyinyi fanya roboti, sema mimi hapana?" Rehema akamwambia, "Sir, ikisema hapana kwetu, madam hatasema hapana kwako." Akafikiri. "Kabla Ramadhani," akasema, akaenda zake.

Basi wakaanza, nami nikaanza kuyasikia maneno yao bila kuyajua. Asubuhi moja nakaanga bajia, kreni ya jirani inakoroma dirishani, mara Otieno anapiga ukelele. "Bildi imeanguka! Rehema, bildi imeanguka!" Nani alinifundisha mimi bildi? Mimi nilisikia bilding. Bilding imeanguka, na bilding ninayoijua ni ile niliyosimama ndani yake. Moto nikazima, hilo namshukuru Mungu. Pasipoti nikaitoa kwenye kopo la mchele, buibui begani, kiatu kimoja, huyo nje. Nikagonga mlango wa dada mmoja Mfilipino. "Sister! Bilding fall! Yalla!" Akatoka na dawa ya nywele kichwani. Nikagonga wa baba mmoja wa Kerala, katoka na kikoi. "What fall? Which fall?" Namwambia usiulize, kimbia. Tukateremka ngazi zote, maana lifti haipandwi kwenye msiba kama huo, mimi mbele, magoti yamesahau kulia. Chini tukamkuta mlinzi, Mganda, mtu wa taratibu. Akatutazama sisi, akatoka nje akaitazama bilding mpaka juu, akarudi. "Nyabo," akaniambia, yaani bibi kwa lugha yao, "mbona yenyewe iko?"

Otieno akashuka na lifti, machozi yanamtoka. "Mathe! Ni build, si bilding! Ni ya kompyuta!" Yule wa Kerala hakunisalimia mpaka tulipohama.

Tuliporudi juu Rehema alikuwa mkali. "Otieno, mji huu kila dirisha kuna kreni, wewe unapiga kelele kitu kimeanguka. Tafuta neno jingine." Mimi niko kwenye kochi, napepewa na gazeti, pumzi ndiyo inarudi, na kilichotoka nayo sikukipanga. "Nani kavunjaaa? Yalla! Visa cancel, ticket, kwenu!" Sauti ya Sir, kitambi na vyote. Otieno akakaa chini kwenye nyaya. Hata Rehema akacheka, yeye ambaye wiki zile hakuwa akicheka. "Mathe, rudia," Otieno akasema, na simu keshaiweka mbele yangu, inarekodi. Tangu siku hiyo mashine ikiona kosa, hakuna haja ya mtu kupiga kelele. Kompyuta yenyewe inauliza kwa sauti ya Sir, nani kavunja. Na ukweli ni kwamba ilipunguza hofu. Kitu unachokicheka asubuhi hakiwezi kukunyima chakula mchana.

Usidhani ikawa rahisi. Mashine ikaanza vituko. Kazi ileile, hakuna aliyeigusa, sasa kijani, baadaye nyekundu, kisha kijani. Na kila nyekundu, "Nani kavunjaaa?", mpaka nikatamani kujinyamazisha. Otieno anasimama, mikono kichwani. "Lakini kwangu inawork! Kwangu inawork kabisa!" Rehema akikasirika sauti yake inakuwa nyembamba kama ya mbu. "Kwako hakuna wateja, Otieno. Duka haliko kwako." Otieno akasema basi yale majaribio yenye wazimu tuyaruke, yaliyobaki yanatosha, Ramadhani hiyo imefika mlangoni. Rehema akasema ukimwambia mlinzi afumbe jicho moja, wezi watajua ni lipi. Wakanuniana. Walikula siku nzima bila kusemeshana, kila mmoja ananiambia mimi nimwambie mwenzake apitishe chumvi, nami napitisha chumvi pamoja na sauti. "Rehema anasema, chukua chumvi yako, kwako inawork." Otieno akashindwa, akacheka na wali mdomoni.

Kosa walilipata wenyewe, tena pamoja, vichwa viwili kwenye kioo kimoja. Yule Mishi wa uongo alikuwa na haraka. Walimwambia angoje kidogo kisha abonyeze kitufe cha kulipa. Siku mtandao ukiwa mzito, hicho kidogo kinakwisha kitufe bado hakijatokea, anabonyeza hewa, anaanguka. Wakambadilisha. Wakamwambia usingoje saa, ngoja kitufe. Kikitokea, ndiyo ubonyeze. Akatulia kama maji ya mtungi. Nililibeba neno hilo nikaenda nalo chumbani, na mpaka leo sijalitua. Sisi sote hapa tulikuwa tunangoja saa. Mkataba uishe, mwaka uishe, joto liishe. Kitufe chenyewe hakuna aliyekuwa akikitazama kama kimetokea.

Kabla ya Ramadhani madam akasema anataka kuwaona kwa macho wanaomtengenezea duka. Sir akamleta kwetu alasiri, Sir mwenyewe amejifukiza udi mpaka bajia zangu zikanukia sherehe. Madam mwanamke mzito, kimya, anatazama kila kitu kama anakinunua. Akaona nyaya, akaona sufuria. Rehema akamueleza, nikaona kwamba madam haamini. Sir naye akaona. Akamwambia Rehema ampishe kiti. "Mimi programmer kabla wewe zaliwa. Mimi onyesha yeye, rahisi." Akakaa, akapandisha mikono ya shati, akabadilisha bei ya buibui moja ili kumfurahisha madam, punguzo la Ramadhani. Akaandika zile namba kwa Kiarabu, zile za kwenye kurasa za msahafu. Alimwandikia madam, unaelewa, sio kompyuta. Akabonyeza kwa kidole kimoja kama anayepiga kinanda. "Sasa kunywa chai."

Tukanywa. Mashine ikajenga, ikajaribu, Mishi akapita kwenye kioo, akachagua buibui, akatia kikapuni, akaenda kulipa. Na kompyuta, kumbe zile namba haijui kuzijumlisha. Pale penye jumla ikaandika kwamba hii si namba. Nyekundu. Nami nikakumbuka, na wenzangu wakakumbuka, sote pamoja, na hakuna aliyewahi kuizima ile sauti.

"Nani kavunjaaa? Yalla! Visa cancel, ticket, kwenu!"

Ikajaa chumba kizima. Hata kreni, wallahi, nadhani ilisimama. Sir akaitazama kompyuta, akaitazama simu yake kama ndiyo iliyosema, akamtazama Otieno. Otieno alikuwa anasoma viatu vyake. "Nani huyu?" Sir akauliza, polepole, na Sir polepole hakuwa mtu tuliyemjua. Nikamuona Rehema anafungua mdomo kulichukua kosa juu yake. Niliona ticket mbili, niliona uwanja wa ndege, niliona pindo langu limenaswa mlangoni. Nikatoka na sinia mkononi. "Ni mimi, Sir."

"Wewe?"

"Mimi."

"Fanya tena."

Mimi humwiga mtu akiwa hayupo. Usoni pake sijawahi. Lakini alikuwa anangoja. Nikaweka sinia, nikasema, bila kitambi, bila mapambo, kama ilivyo. "Nani kavunjaaa?"

Akaweka kikombe chini. "Mimi sema hivi?"

"Hivyo hivyo, Sir."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Hii siyo mimi. Hii Bi Zuhura." Akawa hatuambii sisi tena, anaiambia meza. Dar, nyumba yao ya ghorofa, yaya aliyemlea, mama wa makamo na khanga zake. "Mimi vunja sahani. Mimi vunja dirisha. Yeye simama mlangoni, mkono hapa." Akajishika kiuno, akasema mwenyewe, na ilikuwa mara ya kwanza niisikie kwa masikio mazuri. "Nani kavunjaaa?" Mwanamke wa pwani kabisa. Mwaka mzima mimi na masikio yangu ya watu wawili sikugundua kwamba Kiswahili chake chote kimevunjika viungo, ila maneno hayo mawili, hayo yana mifupa yote. Nilikuwa namwiga mtu anayeiga mtu, na wala mwenyewe hakujua.

"Na wewe ulikuwa ukijibu nini?" nikamuuliza. Niliuliza kwa sababu nilitaka kujua, wala sikukumbuka visa.

"Mimi sema, paka."

Madam akauliza kwa Kiarabu, wanasemaje hawa? Sir akamueleza yote, na paka. Yule mwanamke mzito akacheka mpaka kikombe kikagonga sahani, akafuta macho kwa ncha ya shela. Kisha akanyoosha kidole kwenye ile nyekundu. "Umeiandika wewe, mwenye kampuni, na imekukatalia?" Sir akasema ndiyo, imekataa. "Na haikufika dukani kwangu?" Rehema akamfungulia duka kwenye simu. Bei ya zamani, iko vilevile, wateja wananunua. Madam akatazama muda mrefu. "Kitu kinachomkatalia hata bosi wake," akasema, "hicho nakitaka." Akaomba bajia.

Ramadhani ile duka halikukatika. Visa zetu zikakaa. Mwaka uliofuata tukapata ofisi, Otieno akapata kazi kwao akaondoka, na sebule ikarudi kuwa sebule, nami nikaichukia kwa unadhifu wake. Sauti haikutolewa. Sir mwenyewe alikataa. Kila ikiuliza nani kavunja, yeye kama yupo anajibu kutoka chumbani kwake, "Paka!", na ofisi nzima, Wahindi, Wamisri, Wafilipino, wakajifunza neno moja la Kiswahili wasilolijua maana.

Wanawe hawajui habari hii. Wamesikia babao anaulizia kitu kutoka kwenye kompyuta, na yeye yuko chini ya mchanga. Siwalaumu. Leo asubuhi Rehema ameketi na kompyuta yake mezani, amelifuta faili la sauti, akaituma kazi ipite kwa mlinzi kama kazi nyingine yoyote. Mimi niko jikoni nakwenda, narudi, nafungua kabati, nafunga. Akasema, "Shangazi, njoo ukae." Nikasema chai inachemka. Haikuwa inachemka. Kumbe faili amelifuta, lakini mahali pengine kwenye kazi palikuwa bado panaliita, na mashine ikalitafuta ikalikosa, ikaikataa kazi, na sauti ya zamani ikabaki mahali pake kwenye kompyuta. Nyekundu.

"Nani kavunjaaa?"

Rehema akashika mdomo. Hakugeuka, mabega tu ndiyo yaliyotikisika, na sikujua kama ni kicheko au ni kile kingine. Nikasogea nikakaa kwenye kiti cha pembeni yake, nikatulia, mara ya kwanza tangu matangani, nikaiangalia ile kompyuta.

"Paka, Sir," nikasema.